Wes Montgomery: Kidole Gumba Kilichobadili Gitaa la Jazi

Mwezi wa Septemba mwaka 1959, katika mji wa Indianapolis, jimbo la Indiana, katikati ya Marekani, alikuwako mtu mzima wa miaka 36 ambaye mchana alifanya kazi ya mikono kiwandani na usiku alipiga gitaa vilabuni. Mtu huyo hakuwa amepata kutoa santuri hata moja kwa jina lake mwenyewe, wala hakuwa na wakala wa kumtafutia kazi, wala sifa yake haikuwa imevuka mbali mipaka ya mji wake, ilhali wanamuziki wageni waliopita mjini humo wakamsikia walitoka wamepigwa na bumbuwazi. Jina lake lilikuwa John Leslie Montgomery, na jamaa zake walimwita Wes. Haikutimia miaka tisa tangu mwezi huo naye akawa ameiaga dunia. Lakini katika muda huo mchache alikuwa amekwisha kuligeuza gitaa la jazi, hata ikawa kila alipigaye baada yake, apende asipende, hana budi kuchagua moja kati ya mawili: ama amfuate, ama atafute njia ya kumwepuka.

Yamesemwa mengi mintarafu ya kipaji chake, na kipaji alikuwa nacho tele. Lakini kipaji peke yake hakitoshi kueleza kazi aliyoifanya. Kwa maoni yangu, jambo lililoiumba sanaa ya Montgomery tangu mwanzo hata mwisho ni wajibu wa nyumba: haja ya kumlisha mke na watoto, kuwahi kazini alfajiri, na kuishi kwa amani na majirani. Wajibu huo ndio uliomfundisha kupiga kwa kidole gumba. Ndio uliomfunga katika mji mmoja kwa takriban miaka kumi mpaka ubingwa wake ukaiva. Na ndio uliompeleka mwishoni katika muziki ambao wahakiki walimshutumu kwa ajili yake. Atakaye kumfahamu kwa insafu hana budi kumtazama katika hali hizo tatu zote pamoja.

Msomaji aliyelelewa na bendi za dansi za kwetu, kama vile Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na Nuta Jazz, yafaa aelezwe kwanza kwamba muziki unaozungumzwa hapa ni mwingine. Bendi zetu zililipokea jina hilo kutoka ng'ambo, kisha zikajenga dansi lao wenyewe lenye damu ya rumba na nyimbo za Kiswahili. Jazi ya Montgomery ni ile ya Wamarekani weusi, na mwendo wake ni huu: wapigaji hukubaliana juu ya wimbo mmoja, huupiga kwanza kama ulivyo, halafu kila mmoja kwa zamu yake hubuni papo kwa papo muziki mpya juu ya msingi uleule, uitwao solo, na hadhira humpima kwa wingi wa fikira zake, kwa mpango wake na kwa utamu wake. Katika hilo haiko mbali na majibizano ya malenga, ambapo vina na mizani vimekwisha kuwekwa, na kazi ya mshairi ni kusema neno jipya ndani ya mipaka hiyo.

Kijana na santuri moja

Montgomery alizaliwa Indianapolis tarehe 6 Machi, 1923, katika ukoo wa wapenda muziki. Kaka yake Monk alikuja kuwa mpiga besi mwenye jina, na mdogo wake Buddy akawa fundi wa piano na vibrafoni. Sehemu ya utoto wao waliipitisha kwa baba yao huko Columbus, jimbo la Ohio, na ni Monk aliyempatia Wes chombo chake cha kwanza, gitaa la nyuzi nne. Lakini huo ulikuwa bado ni mchezo wa mtoto. Safari yake ya kweli ilianza alipokuwa kijana wa takriban miaka 20, mtu aliyekwisha kuoa, siku aliposikia santuri iitwayo "Solo Flight", ambayo Charlie Christian aliipiga mwaka 1941 pamoja na bendi kubwa ya Benny Goodman.

Inafaa kutua kidogo kwa Christian, maana bila ya yeye Montgomery asingalikuwako. Kabla ya gitaa la umeme kushika nafasi yake, mpiga gitaa katika bendi kubwa ya jazi aghalabu alikuwa mtumishi wa mapigo: aliketi katikati ya tarumbeta na saksofoni, akipiga kodi, yaani sauti kadhaa kwa pamoja, kufuata mwendo wa ngoma, na sauti yake ilizama katika kishindo cha wenzake hata aliyekaa safu ya mbele asiisikie. Christian, kijana aliyekulia Oklahoma City, alilichukua gitaa la umeme akalifanya liseme kwa ufasaha wa saksofoni, likitoa maneno marefu yenye mwanzo, kati na mwisho. Alikufa kwa kifua kikuu mwezi wa Machi mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 25 tu, na kwa hiyo kijana wa Indianapolis hakupata kumwendea mwalimu wake akamwuliza neno. Alichokuwa nacho ni santuri.

Basi akanunua gitaa la umeme pamoja na kipaza sauti chake, akajifungia nyumbani na santuri za Christian, akizirudia mara kwa mara mpaka akazihifadhi solo zake kwa ghibu, sauti baada ya sauti, pasipo kukosa hata moja. Haukupita mwaka naye akapata kazi katika klabu moja ya mjini, iliyoitwa Club 440. Na kazi yenyewe ilikuwa ni kupanda jukwaani, kupiga solo za Christian kama zilivyo katika santuri, kisha kushuka, kwa kuwa lolote jingine alikuwa bado halijui. Hapo pana jambo la kuzingatia. Mtu huyu hakupata kusoma maandishi ya muziki maisha yake yote, wala zile alama za mkato ambazo wapigaji huandikiana ili wajue kodi za wimbo. Kila alichokijua kilipita sikioni kikakaa moyoni. Na sikio lililozoezwa hivyo, lisilo na karatasi ya kuegemea, hupata uwezo wa kushika wimbo mzima kwa kuusikia mara chache, ambao wengi waliosoma huutamani bila ya kuupata.

Gumba na oktavi

Katika siku hizo za kujifunza ndipo lilipotokea jambo lililompa sauti yake. Wapiga gitaa wa jazi wa zama zile walitumia kipande kidogo kigumu cha kupigia nyuzi, kinachoshikwa baina ya kidole gumba na cha shahada, ambacho hutoa mlio mkali na kuwezesha mkono kwenda mbio, juu na chini. Montgomery alikuwa akifanya mazoezi usiku nyumbani, na mlio ule uliwakera waliotaka kulala. Alipolalamikiwa, hakuliacha gitaa wala hakugombana na mtu; alikiweka kando kile kipande, akaanza kuzigusa nyuzi kwa nyama ya kidole gumba. Sauti ikawa ya chini na laini, nyumba ikatulia, na mazoezi yakaendelea.

Kwa hesabu ya kawaida, hiyo ilikuwa hasara. Gumba haliwezi kwenda mbio juu na chini kama kipande kigumu, na mapigo yake karibu yote yalikuwa ya kushuka. Mwalimu yeyote wa siku zile angalimkataza mwanafunzi wake asijaribu. Lakini Montgomery aliendelea na njia hiyo mpaka mwisho wa maisha yake, na kwa miaka ya mazoezi gumba lake likapata wepesi ambao mafundi wenziwe hawakuweza kuueleza. Na faida yake ilikuwa kubwa kuliko hasara: sauti nene, ya mviringo, yenye joto, isiyo na mkwaruzo wa chuma, inayomfikia msikilizaji kama sauti ya mtu anenaye karibu naye. Aliitoa katika gitaa kubwa lenye tumbo wazi, Gibson la aina ya L-5, na mpaka leo anayeijua jazi huitambua sauti hiyo kabla mpigaji hajatajwa.

Juu ya gumba hilo akajenga jambo la pili, nalo ni oktavi. Oktavi ni sauti mbili ambazo kwa jina ni moja, ila moja iko juu na nyingine chini, kama watu wazima na watoto wanapoimba wimbo mmoja. Kuzipiga katika gitaa kwahitaji mkono wa kushoto ubonyeze nyuzi mbili zilizotengana, kidole kimoja huku na kimoja kule, na uzi ulio katikati ubanwe kimya kwa ubavu wa kidole ili usiingilie. Halafu gumba la kulia lipite juu ya zote kwa pigo moja. Wengine walizipiga kabla yake, akiwamo Django Reinhardt huko Ufaransa, lakini walizitumia kwa nadra, ili kutia nguvu mahali fulani pa wimbo. Montgomery alizifanya lugha kamili. Alibuni kwa oktavi solo ndefu zenye mbio na mizunguko, kwa wepesi uleule ambao wengine waliutafuta kwa sauti moja moja.

Usiku wa Indiana Avenue

Mwaka 1948 alipata nafasi ambayo kijana yeyote angaliiona kuwa ndiyo mlango wa ufanisi: aliingia katika bendi ya Lionel Hampton, mpiga vibrafoni mashuhuri, akazunguka naye Marekani kwa takriban miaka miwili. Lakini maisha ya safari hayakumfaa. Nyumba yake ilikuwa Indianapolis, na ujira wa mpigaji mmoja katika bendi kubwa haukuwa wa kutajirisha; mwanzoni mwa mwaka 1950 akarejea kwao, akatafuta kazi ya mshahara.

Indianapolis ya wakati huo ulikuwa mji wa ubaguzi wa rangi katika makazi na shule, na maisha ya watu weusi yalikusanyika katika mtaa mmoja mrefu uitwao Indiana Avenue, ambako ndiko yalikokuwa maduka yao, ofisi zao, ukumbi wao wa Madam Walker uliofunguliwa mwaka 1927, na vilabu vyao vya muziki. Shule yao ya Crispus Attucks ilikuwa na walimu wa muziki hodari, na katika mji huo walitokea mpiga tromboni J. J. Johnson na mpiga tarumbeta Freddie Hubbard, ambao majina yao yalienea dunia nzima. Kwa hiyo Montgomery hakuwa peke yake nyikani. Mtaa ule ulikuwa chuo, wasikilizaji wake walikuwa wajuzi, na mpigaji aliyeteleza hakufichwa kosa lake.

Ratiba yake ya miaka hiyo imesimuliwa mara nyingi, na bado inashangaza. Kiwandani, kwenye kiwanda cha vipuri vya redio, aliingia saa moja asubuhi na kutoka saa tisa alasiri. Saa tatu usiku alikuwa jukwaani katika klabu moja mpaka saa nane usiku. Kutoka hapo akaingia klabu ya pili, Missile Room, iliyofunguliwa kwa ajili ya wakeshaji, akapiga mpaka saa kumi na moja alfajiri. Na baada ya saa chache kiwanda kilimngoja tena. Hakuwa mlevi, wala hakuingia katika madawa yaliyowaangamiza wanamuziki wengi wa kizazi chake; kipumbazo chake kilikuwa sigara. Mtu aweza kusema kwamba miaka hiyo ilimpotea, na kwa hesabu ya afya yake huenda ni kweli. Lakini kwa hesabu ya sanaa naona kinyume chake. Kila usiku alikuwa na saa saba za kupiga mbele ya watu waliojua kusikiliza, bila ya mfanyabiashara wa santuri kumwambia apige nini, na bila ya mhakiki kumsifu kabla ya wakati. Wengi hutolewa sokoni wakiwa wachanga. Yeye alitoka ameiva.

Mwishoni mwa mwaka 1957 alishiriki pamoja na ndugu zake katika kurekodi kwa kampuni ya Pacific Jazz, na kijana Freddie Hubbard alikuwa miongoni mwa wapigaji. Santuri hizo zilipita bila ya kishindo kikubwa. Monk na Buddy walikuwa wamekwenda kutafuta bahati yao pwani ya magharibi, ambako bendi yao ya Mastersounds ilipata sifa. Wes alibaki na kiwanda.

Mgeni katika Missile Room

Kilichobadili mambo ni kwamba mtu mmoja mwenye jina alisikia, akaenda kusema. Cannonball Adderley, mpiga saksofoni ambaye mwaka uleule wa 1959 alikuwa amerekodi pamoja na mpiga tarumbeta Miles Davis santuri ya "Kind of Blue", alipita Indianapolis, akapelekwa Missile Room usiku wa manane, akaketi karibu na jukwaa akisikiliza. Aliporejea New York alimwendea Orrin Keepnews, mmoja wa wenye kampuni ya Riverside, akamsihi amchukue mpigaji huyo bila ya kuchelewa. Wakati huohuo mwanamuziki na mwandishi Gunther Schuller alikuwa ameandika kwa sifa kubwa juu ya alichokisikia Indianapolis. Keepnews akafunga safari kwenda kuhakikisha kwa masikio yake, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Montgomery akawa New York, akirekodi santuri yake ya kwanza pamoja na wenzake wa nyumbani, Melvin Rhyne katika ogani na Paul Parker katika ngoma.

Santuri ya pili kwa Riverside ndiyo iliyomweka mahali pake. Ilirekodiwa kwa siku mbili, tarehe 26 na 28 Januari, 1960, pamoja na Tommy Flanagan katika piano na ndugu wawili, Percy Heath katika besi na Albert Heath katika ngoma. Ikaitwa "The Incredible Jazz Guitar of Wes Montgomery", jina lenye majivuno ya wauzaji, lakini muziki wenyewe haukuliaibisha. Ndani yake zimo nyimbo zake mwenyewe, "Four on Six" na "West Coast Blues", ambazo leo hupigwa na wapiga gitaa wa jazi popote walipo. Mwaka 2017 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza santuri hiyo katika hazina ya taifa ya sauti zinazostahili kuhifadhiwa.

Atakayeisikiliza kwa makini ataona mpango ambao Montgomery aliupenda na ambao umekuwa kama sahihi yake. Solo yake huanza kwa sauti moja moja, kwa utulivu, kana kwamba anazungumza na mtu mmoja. Baada ya kuuzunguka wimbo mara kadhaa, huingia katika oktavi, na sauti hupanuka. Kisha, pale ambapo msikilizaji hudhani kwamba mpigaji amekwisha kutoa vyote alivyokuwa navyo, huja hatua ya tatu: kodi kamili zinazokwenda kwa kasi, kila sauti ya wimbo ikiwa imebebwa na nyingine mbili tatu chini yake, kwa nguvu inayofanana na safu nzima ya matarumbeta. Uzuri wake hautokani na ugumu wa hatua hizo, ingawa ni ngumu. Unatokana na subira. Kila hatua huzaliwa na iliyotangulia, na hapana inayokuja kabla ya wakati wake.

Miaka iliyofuata ilimjaalia heshima ya wenziwe. Mwaka 1961 alipiga kwa muda mfupi pamoja na kikundi cha mpiga saksofoni John Coltrane, hata katika tamasha la Monterey, lakini hakudumu humo. Tarehe 25 Juni, 1962, alirekodi mbele ya hadhira huko Berkeley, California, santuri ya "Full House", pamoja na Johnny Griffin katika saksofoni na watatu waliokuwa wakimpigia Miles Davis: Wynton Kelly, Paul Chambers na Jimmy Cobb. Mwaka 1965, ijapokuwa aliogopa ndege, alivuka bahari akapiga Ulaya, ikiwamo Paris na London. Na katika mwezi wa Juni mwaka huohuo, katika klabu ya Half Note mjini New York, pamoja na Kelly, Chambers na Cobb, zilinaswa nyimbo ambazo pamoja na nyingine za studio zilifanya "Smokin' at the Half Note". Pat Metheny, fundi mkubwa wa kizazi kilichofuata, amesema mara nyingi kwamba hapana santuri ya gitaa la jazi iliyo bora kuliko hiyo, nami sina cha kumpinga.

Nyimbo za redio na lawama zake

Laiti hadithi ingaliishia hapo, kusingalikuwa na ubishi. Lakini kampuni ya Riverside ilimpoteza mwenye mali wake mmoja, Bill Grauer, mwezi wa Desemba mwaka 1963, na mwaka uliofuata ikaanguka. Montgomery akahamia Verve, chini ya mtayarishaji Creed Taylor, mtu aliyeijua biashara na aliyeona mapema kwamba sauti ile ya oktavi ingeweza kupendwa na watu wasiojua jazi hata kidogo. Taylor alimpa nyimbo zilizokuwa zikivuma redioni, akamzungushia fidla na tarumbeta zilizopangwa na mafundi kama Oliver Nelson na Don Sebesky, akafupisha solo, akamwachia kazi ya kuuimba wimbo kwa gitaa. "Goin' Out of My Head" ikampatia tuzo ya Grammy. Mwaka 1967 Taylor akamchukua hadi kampuni ya A&M, na "A Day in the Life" ikawa miongoni mwa santuri za jazi zilizouzwa mno katika zama hizo.

Wahakiki wengi walikasirika. Walisema kwamba bingwa amejiuza, kwamba mtu aliyekuwa na uwezo wa kubuni bila ya kikomo amekubali kuwa mpambaji wa nyimbo za wengine, na kwamba miaka yake ya mwisho imetupwa. Lawama hizo siwezi kuzipuuza zote, kwa kuwa ni kweli kwamba katika baadhi ya santuri hizo fidla zinamfunika, na msikilizaji aliyeonja "Full House" hubaki na kiu. Lakini yapo mambo mawili ambayo wenye kulaumu waliyasahau.

La kwanza ni kwamba Montgomery mwenyewe hakumdanganya mtu. Alisema wazi kwamba anachokipiga katika santuri zile ni muziki wa watu wote, ijapokuwa una fikira za jazi ndani yake, na kwamba wausikilizao waupime hivyo. Jukwaani, pamoja na kikundi kidogo, aliendelea kupiga jazi mpaka mwisho. La pili ni kubwa zaidi. Mtu huyu alikuwa amepita miaka mingi akilala saa chache kwa siku ili watoto wake wapate chakula. Aliyemsifu alipokuwa akitoka kiwandani na kwenda klabuni, akamwona shujaa kwa kuwa alikesha, hana haki ya kumwita msaliti siku alipopata njia ya kuilisha nyumba ileile kwa gitaa peke yake. Wajibu ulikuwa ni mmoja. Kilichobadilika ni namna ya kuutimiza. Na katika kuutimiza hakuibadili sauti yake hata kidogo: gumba ni lilelile, oktavi ni zilezile, na anayeujua mkono wake huusikia ndani ya fidla.

Hakuifaidi raha hiyo muda mrefu. Asubuhi ya tarehe 15 Juni, 1968, muda mfupi baada ya kurejea kutoka safarini, alikufa nyumbani kwake Indianapolis kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Aliyowaachia wengine

Athari yake yaonekana kwanza kwa wapiga gitaa waliomfuata waziwazi. George Benson alichukua oktavi na joto lile, akachukua pia njia ya kupita baina ya jazi na nyimbo za redio. Na ufanisi wa santuri yake "Breezin'" ya mwaka 1976 hauelezeki vizuri bila ya kumkumbuka aliyeitangulia njia hiyo akapokea mawe yake. Pat Martino alimsikiliza akiwa kijana. Emily Remler alimtukuza kwa santuri nzima mwaka 1988, na Lee Ritenour mwaka 1993. Metheny, aliyemwiga utotoni mpaka ikambidi kujizuia, alijifunza kutoka kwake kwamba solo ni hadithi inayosimuliwa. Shule nyingi zinazofundisha gitaa la jazi leo huwapa wanafunzi wao oktavi za Montgomery, na wanafunzi huzisoma katika karatasi, wakati aliyezipiga hakuwa akisoma.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba Wes Montgomery hakuwa watu wawili, mmoja fundi wa jazi na mwingine mfanyabiashara wa nyimbo laini. Alikuwa mtu mmoja aliyepiga gitaa ndani ya mipaka ya maisha ya mfanyakazi, na akaugeuza kila mpaka ukawa njia. Msomaji atakaye kuhakikisha aanze na "West Coast Blues", apite kwa "Full House" na "Smokin' at the Half Note", amalize na "A Day in the Life", kisha ajiulize kama si mkono uleule.

Yako mafunzo mengine yanayotuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 2012 na mwaka 2015 zilitolewa santuri mbili zenye sauti za Montgomery katika miaka yake ya Indianapolis kabla ya kujulikana, nyingine zikiwa zimenaswa mwaka 1956 klabuni na mpenzi wa muziki aliyefika na mashine yake ya kunasia sauti. Bila ya juhudi za watu kama huyo, miaka kumi ya ubingwa wake ingalibaki kuwa masimulizi matupu. Wako wapiga gitaa wazee katika miji yetu, Tanga na Tabora, Mombasa na Kisumu, ambao mchana wana kazi nyingine na usiku hupiga mahali ambapo hapana mwandishi wala mtayarishaji wa santuri. Leo karibu kila mtu ana simu iwezayo kunasa sauti. Nawaomba wenye kuwasikia wazee hao wawarekodi wakiwa hai, waandike majina yao na tarehe, na wenye majina makubwa wafanye kama alivyofanya Adderley: wakitoka hapo, waende wakaseme.